Gundi Kwanza, Moyo Baadaye: Kuishi na Mfuko wa Haja Manzese

Mgonjwa aliyefunguliwa njia ya haja tumboni hutoka hospitali na mifuko michache mkononi na nasaha nyingi kichwani. Nasaha zenyewe karibu zote ni za moyo: usikate tamaa, hauko peke yako, utazoea. Sina ugomvi nazo. Ila mfuate mtu huyo hadi kwenye chumba chake cha kupanga Manzese, Dar es Salaam, utagundua kuwa kinachomfungia ndani ni hofu ya kuvuja. Kuvuja ndani ya basi la mwendokasi asubuhi, watu wamebanana kuelekea Kivukoni. Kuvuja akiwa kwenye safu ya swala. Kuvuja akisubiri zamu ya choo cha uani, wapangaji wenzake wakimtazama. Hofu ya namna hiyo haisikii maneno. Inapungua siku mfuko unaposhika, ukashika tena kesho yake.

Mfuko tunaoujua leo ulizaliwa kutokana na hofu hiyohiyo. Mwaka 1954 nesi wa Denmark, Elise Sørensen, alikuwa na dada yake, Thora, aliyefanyiwa upasuaji wa aina hii na akawa hathubutu kutoka nje. Elise hakuishia kumliwaza. Alibuni mfuko wa plastiki wenye gundi ya kubandika ngozini. Mwenye kiwanda cha plastiki, Aage Louis-Hansen, alikubali kuutengeneza baada ya kushawishiwa na mkewe Johanne, naye nesi, na mwaka 1957 kampuni ya Coloplast ikaanzishwa. Nadhani nasi tungeanzia hapo, kwenye gundi, kisha nasaha zifuate.

Kwa upasuaji uliopangwa, kazi huanza kabla ya kisu. Mhudumu humlaza mgonjwa, humkalisha, humsimamisha na kumwinamisha, kisha hutia alama kwa kalamu mahali ambapo ngozi haikunjiki na mkanda wa suruali haupiti. Kwa mtu wa Manzese ningeongeza vipimo viwili: achuchumae kama yuko chooni au kwenye jiko la mkaa, na mwanamke ajifunge kanga yake kiunoni kama anavyojifunga kila siku. Alama inayoonekana safi mtu akiwa kwenye kiti inaweza kumezwa na mkunjo wa tumbo akichuchumaa.

Tatizo ni kwamba wengi hawapati nafasi hiyo. Utumbo umetoboka kwa taifodi, au umejisokota, au ni ajali ya bodaboda usiku. Daktari anaokoa maisha, na tundu linakaa pale linapowezekana. Mtu wa hivyo asijilaumu mfuko ukimvujia mara kwa mara. Arudi kliniki aonyeshwe namna ya kujaza mkunjo kwa gundi laini ya ziada kabla ya kubandika.

Sasa tuje kwenye kubandika kwenyewe. Ile nyama nyekundu yenye unyevu inayochomoza tumboni, ambayo wauguzi huiita stoma, haina maumivu ikiguswa. Inayouma ni ngozi inayoizunguka. Stoma inakuwa imevimba baada ya upasuaji na huendelea kusinyaa kwa wiki 6 hadi 8, kwa hiyo tundu lililokatwa kwenye gundi siku ya kuruhusiwa litakuwa kubwa mno mwezi unaofuata. Ngozi itakayobaki wazi italiwa. Haja ya utumbo mwembamba imebeba vimeng'enya vya kusaga chakula, na vimeng'enya havijui tofauti kati ya nyama ya kwenye pilau na ngozi yako.

Dawa yake ni karatasi ngumu, hata ya boksi la dawa. Unakata tundu kwenye karatasi, unalipitisha kwenye stoma, unaangalia. Ngozi inayoonekana kati ya stoma na ukingo wa karatasi isizidi milimita 2 au 3. Ukiridhika, unachora tundu la karatasi hiyo juu ya gundi na kukata kwa mkasi mdogo, kisha unapitisha kidole kwenye ukingo kuondoa kingo kali. Wiki hizo za mwanzo kipimo kirudiwe kila unapobadilisha mfuko. Badilisha asubuhi kabla ya kula, utumbo ukiwa umetulia. Osha kwa maji matupu, kausha kwa kitambaa, pepea kwa gazeti mpaka ngozi ikauke kabisa, bandika, halafu ukandamize kwa kiganja dakika kadhaa. Joto la mkono huisaidia gundi kushika.

Na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ngozi ikichubuka, mama wa nyumba analeta Vaseline au mafuta ya nazi, kwa mapenzi kabisa. Gundi haishiki kwenye mafuta. Mfuko unavuja, ngozi inachubuka zaidi, mafuta yanaongezwa. Mzunguko huo unakatwa kwa kuacha mafuta, si kwa kuyabadilisha. Jasho la Dar nalo hulegeza gundi mapema, kwa hiyo usisubiri mfuko uachie wenyewe. Ukijua wako hudumu siku 4 kabla ya kuachia, badilisha siku ya 3.

Kumwaga hakungoji. Mfuko ukifika theluthi au nusu, nenda nao chooni, maana ukijaa uzito wake unaivuta gundi. Kwenye choo cha shimo, elekeza mdomo wa mfuko chini karibu na tundu, mwaga, suuza mdomo tu kwa maji ya kopo, futa, funga. Maji yakipanda juu hadi kwenye gundi umejitafutia kazi nyingine. Ukisikia harufu ilhali mfuko umefungwa, usihangaike na manukato. Kagua ukingo, kuna mahali pameachia.

Mwenye stoma ya utumbo mwembamba ana jambo moja la kuliangalia zaidi: chumvi. Utumbo mpana, ambao kazi yake ni kunyonya maji na chumvi, umerukwa. Machinga anayeshinda juani na kunywa maji matupu chupa kwa chupa anaweza kuzidisha upungufu, kwa sababu maji hayo hutoka yakiwa yamebeba chumvi ya mwili. Kizunguzungu, misuli kukaza na mkojo kuwa wa njano nzito ni ishara za kuchanganya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, na kuwahi kituo cha afya hali isipotulia. Dafu ni tamu, lakini chumvi yake haifikii ya ORS. Vidonge vikitoka vizima kwenye mfuko, mwambie daktari, abadilishe aina.

Swala isiwe sababu ya kukosa msikiti. Masheikh wengi humhesabu mtu huyu kama asiyeweza kuzuia mkojo: wakati ukiingia anajisafisha, anatia udhu, anaswali. Chumbani na mwenzi wako, mfuko umwagwe kwanza na kufunikwa kwa kanga. Stoma haidhuriki kwa kukumbatiwa. Mwanamume aliyeondolewa pia mwisho wa utumbo mpana akiona nguvu za kiume zimepungua, huenda mishipa ya fahamu iliguswa, na hilo ni la kumwambia daktari, wala asilibebe kama aibu yake.

Kuna wanaoambiwa kuwa stoma ni ya muda, nao wanaahirisha kila kitu: kazi, harusi ya ndugu, hata kujifunza kukata gundi, kwa kuwa kuna mtu nyumbani anayewakatia. Kuifunga stoma kunaweza kusogezwa mbele kwa miezi. Jifunze kana kwamba itabaki.

Mwisho, dumu. Dumu la lita 20 lina kilo 20, na kwenye nyumba nyingi za Manzese maji huingia ndani kwa mkono. Misuli ya tumbo iliyokatwa inahitaji miezi kama 3 kabla ya uzito wa namna hiyo. Ukiubeba mapema, utumbo unaweza kusukuma na kutunisha ngozi kando ya stoma, na juu ya tumbo lililotuna gundi bapa hainyooki. Kwa miezi hiyo muuza maji alipwe nyongeza kidogo, alifikishe dumu hadi mlangoni.