Kinyama Kwenye Wembe

Kinyama kilichukuliwa kwenye titi la mama mmoja mkazi wa Kirumba. Kilikaa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, kikapitishwa kwenye alkoholi hatua kwa hatua mpaka maji yakatoka, kisha kwenye zailini, kisha kwenye nta iliyoyeyuka. Sasa kimeganda ndani ya bloku nyeupe, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, katika maabara ya patholojia ya Hospitali ya Rufaa ya Bugando. Mtaalamu wa maabara ameilaza bloku juu ya barafu. Nta isipopoa vizuri, wembe huiburuta badala ya kuikata.

Anaifunga kwenye mikrotomu, anakaza, anashika gurudumu. Mizunguko ya mwanzo ni ya kuondoa nta ya juu tu. Kisha anateremsha kipimo hadi mikromita 4. Milimita moja ina mikromita 1,000. Anazungusha kwa mwendo uleule, bila kuongeza wala kupunguza. Kwenye makali ya wembe unatoka utepe unaopitisha mwanga, kipande kimeshikana na kipande. Pumzi anaitolea pembeni, asije akaupeperusha. Anaunyanyua kwa brashi na kibanio, anaulaza juu ya maji ya uvuguvugu, na mikunjo inajinyoosha. Kipande kimoja kina mchirizi wa wembe. Ni mwembamba mno, mimi nisingeuona. Anakiacha, anausogeza wembe hadi sehemu ambayo haijatumika, na kukata upya, kisha kipande safi anakipandisha kwenye kioo cha slaidi. Hakuna msimamizi aliyesimama nyuma yake.

Kazi yote hii ni kwa ajili ya utando wa seli. Kansa huua zaidi inapohama kutoka ilipozaliwa, na sehemu ya siri ya kuhama iko kwenye ngozi hiyo nyembamba na protini zinazoishika. Iko moja iitwayo ezrini: upande mmoja imeshika utando, upande wa pili imeshika nyuzi za aktini zilizo ndani ya seli, kama kamba zinazokaza turubai la kibanda cha dagaa pale soko la Mwaloni. Kamba zikilegea, turubai linavimba. Utando ukilegea, protini za familia ya BAR, zenye umbo la upinde, zinajipachika na kuukunja, na seli inapata ncha za kutambalia. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, walionyesha kwamba utando ukikazwa upya, uwezo wa seli za kansa kuvamia hupungua. Si kwamba ezrini ni njema siku zote. Katika kansa fulani za mifupa, wingi wake umehusishwa na kusambaa kwa ugonjwa.

Kwenye slaidi ya leo inatafutwa protini nyingine ya utando, HER2, ambayo ikizidi huisukuma seli ikue na kuenea. Slaidi imekaushwa kwenye oveni na nta imeondolewa. Inachemshwa kwenye maji ya dawa ili kufungua yale yaliyofungwa na formalini. Kisha anadondosha kingamwili inayoitambua HER2, tone kwa tone, na kuifunika slaidi ndani ya kisanduku chenye unyevu. Ikikauka, rangi itadanganya. Anaosha, anadondosha ya pili, anaosha tena, kisha anaweka rangi ya kahawia macho yakiwa kwenye saa. Mwisho ni rangi ya bluu kwa ajili ya viini vya seli.

Pembeni ipo slaidi ya kupimia, ambayo jibu lake linajulikana. Hiyo ndiyo anayoitazama kwanza. Isiposoma sawa, kazi yote inarudiwa.

Imesoma sawa. Chini ya darubini kila seli imezungukwa na mstari wa kahawia uliokolea, umefunga duara pasipo pengo. Mstari wa namna hiyo ukionekana kwenye zaidi ya asilimia 10 ya seli za kansa, jibu ni chanya, na daktari anajua kuna dawa inayolenga protini hiyo hasa.

Mikono ya mtaalamu huyu haiwezi kuokoa kinyama kilichooza njiani. Ukikabidhiwa chupa ya kinyama cha ndugu yako, hakikisha kimezama ndani ya formalini na jina limeandikwa, kifikishe maabara siku hiyohiyo, na majibu uyafuate.