Alama Kabla ya Hasara

Oktoba 1986, nchini Marekani, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani yake yalishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Umbali wenyewe haukufika nusu kilomita, wala hakuna waya uliokatika. Foleni zilijaa, pakiti zilizokosa nafasi zikatupwa, na kompyuta zilizozituma, kwa kutojua kilichoko mbele, zikazituma tena na kuzidisha msongamano. Van Jacobson aliipatia hali hiyo dawa: kompyuta ipunguze kasi kila inapogundua kwamba pakiti imepotea. Dawa ilifaa, ila inamfikia mtumaji hasara ikiwa imeshatokea.

Ufundi ninaousifu hapa unatangulia hasara. Msingi wake uliwekwa na K. K. Ramakrishnan na Raj Jain katika miaka ya 1980. Mwaka 2001 Ramakrishnan, Sally Floyd na David Black wakauandikia kanuni, RFC 3168. Kichwa cha kila pakiti ya IP kina biti mbili za kazi hii. Mtumaji anayeshiriki huandika 10 au 01. Swichi ikiona foleni inarefuka, haiitupi pakiti. Inazigeuza biti hizo kuwa 11 na kuiacha iendelee na safari. Mpokeaji akiiona alama humjulisha mtumaji, naye hupunguza kasi. Mzigo wote umefika, na hakuna cha kutuma upya.

Kuiamuru swichi ifanye hivyo ni mistari michache tu ya usanidi. Uhodari uko katika kuchagua kizingiti, yaani urefu wa foleni ambapo alama zianze. Kikiwa juu mno, onyo linachelewa. Kikiwa chini mno, watumaji wanapunguza kasi ilhali njia bado ni nyeupe. Watafiti wa DCTCP, itifaki ya vituo vya data inayotegemea alama hizi, katika kazi yao ya mwaka 2010, walitumia pakiti 20 kwa njia ya gigabiti 1 na pakiti 65 kwa njia ya gigabiti 10. Fundi mzuri huanzia hapo, kisha hupima mtandao wake mwenyewe.

Na kupima kwenyewe kunataka jicho kali. Chukua seva 20 zinazomjibu mwenzao mmoja kwa wakati mmoja, kila moja ikituma kilobaiti 100, zote zikiwa na njia za gigabiti 10. Ndani ya mikrosekunde 80 megabaiti 2 zimeshaingia kwenye swichi, na mlango wa kutokea umeweza kupitisha sehemu moja tu ya ishirini. Zilizobaki zinahitaji takriban milisekunde moja na nusu kuisha. Hata hilo likijirudia kila sekunde, grafu ya wastani wa dakika tano itaonyesha mlango unatumika chini ya asilimia 1. Wastani haudanganyi, ila umeulizwa swali lisilo lake. Anayejua kazi husoma kilele cha foleni, idadi ya pakiti zilizotiwa alama na idadi ya zilizotupwa, zote kwa pamoja. Zilizotupwa zikiongezeka huku alama zikibaki sifuri, pengine watumaji hawashiriki, au kizingiti kimewekwa juu kuliko nafasi ambayo foleni inaweza kupewa.

Mfano huo unaonyesha pia mpaka wa alama. Mafuriko ya mikrosekunde 80 yanaweza kumalizika kabla onyo halijamrudia mtumaji. Kwa hiyo kizingiti cha chini kina kazi ya pili: kinaizuia mitiririko mirefu ya data isikalie bafa yote, yaani kumbukumbu ya swichi inayoshika foleni, ili nafasi iliyo juu yake ibaki kwa ajili ya yanayokuja ghafla.

Wapo wanaodhani jibu ni kununua bafa kubwa zaidi. Bafa ikiachwa ijae hugeuza upotevu kuwa ucheleweshaji, na aliyeko mwisho wa foleni hana nafuu. Isitoshe, katika swichi nyingi za vituo vya data milango yote inagawana kumbukumbu moja. Foleni moja ikinenepa, mlango mwingine usio na kosa lolote unakosa pa kuweka pakiti zake. Hapo ndipo ninapouona utu wa kazi hii: fundi anayeketi na vihesabio vyake, akashusha kizingiti kidogo, akapima tena, anamtetea mtumiaji ambaye hata hakuwa sehemu ya msongamano.