Tumbaku ya Balkan na uvivu wa neno ‘tamu’

JUMA lililopita nilitembelewa na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa anafundisha Kiswahili ughaibuni. Aliniletea mkebe wa tumbaku ya kiko, na kwenye kifuniko paliandikwa kuwa ni mchanganyiko wa mtindo wa Balkan. Tulikaa barazani, akawasha kiko chake. Nilipomuuliza ladha ikoje, alinijibu kwa neno moja: “Tamu.”

“Tamu kama nini, mwanangu? Kama embe? Kama chai?”

Akacheka. “Mwalimu, mambo haya Kiswahili hakina maneno yake.”

Kauli hiyo iliniuma, hasa kwa kuwa aliyeitoa hulipwa kuwafunza wengine lugha hii. Basi nikakiomba kiko. Niliacha kuvuta zamani kwa amri ya daktari, na simshauri yeyote aanze. Jina la mtengenezaji pia sitalitaja, maana Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza matangazo. Nilionja mara tatu tu: bori likiwa limejaa, likiwa nusu, na likikaribia kuisha. Ninaihakiki kama ninavyohakiki shairi, bila kuinadi.

Tuanze na jina. Tumbaku ya Balkan, mathalan ile ya Xanthi nchini Ugiriki au ya Macedonia, ina majani madogo yanayokaushwa juani. Wavutaji huiita tumbaku ya Mashariki. Katika mchanganyiko wa mtindo huu, ambao ulipata umaarufu kupitia wachanganyaji wa London, majani hayo hukutanishwa na Virginia, yenye sukari nyingi, na Latakia. Latakia ni jina la bandari ya Syria, wala si ya Balkan. Majani yake, ambayo siku hizi hutoka hasa Cyprus, hufukizwa kwa moshi wa kuni na vichaka vya kunukia hadi yakawa meusi. Kwa hivyo, mchanganyiko ukijiita wa Balkan, tuna haki ya kutarajia majani ya Mashariki yasikike waziwazi.

Je, yalisikika? Mwanzoni, naam. Kilichonipokea kwanza ni fukizo la Latakia. Yeyote aliyekunywa maziwa ya kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa analijua fukizo hilo. Mtu wa Pwani atakumbuka chetezo cha ubani. Nyuma yake ulikuja utamu wa mbali wa Virginia, kama wa zabibu kavu. Kisha, pembeni mwa ulimi, nikapata ugwadu wa majani ya Mashariki, unaokaribia ule wa ukwaju, pamoja na ukakasi kidogo kama wa ndizi isiyoiva vyema. Hapo vitu vitatu vilikuwa vinazungumza kwa zamu, na nilifurahi.

Bori lilipofika nusu, Latakia ilikuwa imeanza kumeza wenzake, mithili ya mwitikiaji anayempokonya kiongozi wa wimbo maikrofoni. Ugwadu ulikuwa umetoweka. Mwishoni palibaki moshi mtupu na uchungu wa majivu yenye unyevu. Hukumu yangu ni hii: mchanganyiko huu una mwanzo mzuri, lakini haulitendei haki jina lake. Kilicho cha Balkan ndani yake ndicho kilichotangulia kuaga.

Sasa tumrudie rafiki yetu. Fukizo, ugwadu, ukakasi, uchungu: ni neno gani hapo nimelikopa juzi? Waama, Waswahili walikijua kiko kabla ya mkebe ule kutua barazani kwangu. Katika kiko chao cha maji, bori ni kibakuli cha tumbaku, digali ni mwanzi unaoshuka kutoka kwenye bori hadi kwenye maji, na shilamu ni mrija wa kuvutia. Hata ule mlio wa maji mtu anapovuta uliitwa malio. Lugha iliyojishughulisha kuupa jina mlio huo itashindwaje na ladha?

Tatizo ni uvivu wetu, jamani. Kila mwaka ninasahihisha insha zinazosema “riwaya hii ni tamu” kisha zikanyamaza. Utamu wa nini? Wa lugha? Wa msuko? Ulianzia wapi, ukaishia wapi? Mhakiki asiyeweza kusema ni kitu gani kilichomfurahisha hajahakiki, amesifu tu. Na mwalimu anayeusingizia msamiati uhaba anawarithisha wanafunzi wake udhuru.

Jumapili nilipokea ujumbe wake kwenye simu: “Mwalimu, nimeionja tena. Fukizo limeua ugwadu.”

Nikamjibu: “Sasa umeonja. Kiko uache.”