Bari Nane za Mbeya

Dereva wa lori anayeteremka mlima Kitonga macho yake yako barabarani, ila kila baada ya kona yanarudi kwenye geji ya upepo. Sindano ikisimama karibu na bari 8, moyo unatulia. Ikishuka kila akigusa breki, kisha ikachelewa kupanda, anajua kompresa iliyoshikamana na injini imeanza kuchoka. Ndiyo maana madereva waliokomaa hawateremki mlima wakiwa wametoa gia. Kompresa inazungushwa na injini: gia nzito huifanya injini izunguke kasi, na upepo uliotumika kwenye breki hurudishwa upesi.

Kutoka Kitonga hadi Tunduma huwezi kuikwepa kompresa ya pistoni. Iko kwenye malori, iko kwa waziba pancha wa Ilula, Mafinga na Uyole, iko kwenye matangi ya kupozea maziwa. Ina pistoni, ringi na valvu nyembamba zinazofunguka na kujifunga mamia ya mara kwa dakika. Mara nyingi kinachoanza kufa ni hizo valvu. Mashine haisimami siku hiyo. Inaendelea kunguruma, inajaza tairi, na mwenye duka anaridhika.

Fundi hodari haridhiki. Niliwahi kukaa Mafinga nikimtazama mmoja akianza kazi asubuhi. Kabla ya kuwasha alifungua koki chini ya tangi, akakinga kikopo cha bati, akatazama kilichotoka. Maji matupu ni jambo la kawaida. Yakitoka meupe kama maziwa, yenye utelezi, ringi zinapitisha mafuta. Kisha aliwasha, akaangalia saa, akasubiri mota ikate yenyewe, akaandika dakika kwenye daftari la shule lililojaa alama za vidole vya grisi. Hakuna safu nyingine ndani ya daftari lile: tarehe na dakika, basi. Tangi lililokuwa likijaa kwa dakika sita likianza kutaka nane, hewa inavuja mahali, na kama si kwenye mipira na viungo, basi ni ndani ya silinda.

Kwangu mimi daftari lile ni chombo cha kupimia kama geji yenyewe. Dakika nane peke yake haisemi kitu. Inasema ikilinganishwa na sita ya mwezi wa tatu.

Na hapo nyanda za juu zina hesabu yake. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya pale ina mgandamizo wa kama bari 0.83, wakati Dar es Salaam ni bari 1 na kidogo. Geji inahesabu kuanzia hewa inayoizunguka. Kwa hiyo bari 8 ya Dar es Salaam imepatikana kwa kuibana hewa karibu mara 9, na bari 8 ya Mbeya ni zaidi ya mara 10. Pistoni inavuta hewa pungufu kila mzunguko, na inaitoa ikiwa ya moto zaidi. Joto hilo huunguza mafuta, yakawa masizi, na masizi yakakaa kwenye valvu. Anayenunua kompresa Kariakoo, Dar es Salaam, na kutarajia mjini Mbeya ijaze kwa dakika zile zile atamlaumu fundi bure.

Tamaa ya kuona yanayotokea ndani ya silinda ni ya zamani. Mwaka 1796 John Southern, msaidizi wa James Watt, alifunga kalamu kwenye kipima mgandamizo cha injini ya mvuke, ikachora mstari kadiri pistoni ilivyokwenda na kurudi. Waliificha siri hiyo kwa miaka. Sensa za mgandamizo za leo hufanya kazi ile ile: valvu ya kuingizia ikivuja, mstari wa kubana unapanda kwa uvivu, ya kutolea ikivuja, unapanda mapema kuliko inavyopasa.

Na si hewa pekee inayobanwa. Kule Rungwe, eneo la mlima Kyejo, kampuni ya TOL Gases inavuna hewa ukaa inayotoka ardhini yenyewe. Gesi kama hiyo husafishwa, hukaushwa, hubanwa na kupozwa hadi iwe kimiminika, halafu huishia kwenye soda. Silinda za kubania gesi ya vinywaji kwa kawaida hazipakwi mafuta, maana nani anataka soda yenye ladha ya gereji? Badala yake ringi ni za tefloni, nazo zinalika. Zikilika, pistoni ya kulala inashuka taratibu, na sensa iliyowekwa karibu na fimbo yake, bila kuigusa, inapima mshuko huo kwa sehemu za milimita. Pistoni ikigusa silinda kabla mtu hajasoma namba hizo, gharama yake si ya mchezo.

Gereji ya Uyole haina uwezo wa sensa hiyo. Inaweza kununua bunduki ya kupimia joto, mradi isiwe zile za paji la uso tulizozizoea wakati wa corona, ambazo huishia nyuzi 42 na ushee. Chuma kinachong'aa nacho huidanganya. Bandika utepe mweusi, upime hapo hapo kila siku. Hedi ikiwa moto upande wa kuingizia hewa, ambao hupaswa kuwa wa baridi, valvu ya upande huo inarudisha hewa iliyokwisha kubanwa.

Sauti ni ngumu zaidi. Mlio mmoja wa kugonga unaweza kutoka kwenye valvu, pini ya pistoni au beringi, na unatofautishwa kwa kujua pistoni ilikuwa wapi uliposikika. Viwandani kazi hiyo hufanywa na sensa ya mtikisiko pamoja na nyingine inayosoma alama kwenye gurudumu. Simu ya kawaida ina maikrofoni na kamera. Chora mstari wa chaki kwenye puli, rekodi video ya mwendo wa polepole, na utaanza kuona kama mlio unaangukia juu kabisa ya mwendo wa pistoni au katikati yake.