Dhoruba Juu ya Barabara za Namba

Ngamiani, mjini Tanga, mgeni haelekezwi kwa mnara wala mwembe. Anaambiwa barabara ya ngapi, anakata kona, kafika. Mafundi wanaoiga dhoruba za sumaku ya dunia ndani ya kompyuta nao wameikata anga hivyo hivyo: miraba, kisha tabaka juu ya tabaka, kuanzia kilomita 97 hivi kwenda juu hadi mia kadhaa. Kila mraba una joto lake, upepo wake, oksijeni yake na idadi yake ya elektroni.

Programu iitwayo TIE-GCM, iliyolelewa kwa miaka mingi katika kituo cha NCAR huko Boulder, Marekani, ilianza na miraba ya nyuzi 5, yaani zaidi ya kilomita 550 kila upande. Hata ya nyuzi 2.5 iliyofuata, mmoja unatosha kuimeza Tanga, Pemba, Unguja na Mombasa kwa pamoja.

Dhoruba ya Mei 2024 iligonga ngao ya sumaku ya dunia Ijumaa tarehe 10, saa 2 na dakika 5 usiku kwa saa za kwetu. Fundi haimwagi nguvu hiyo popote apendapo. Kwanza anaiendesha programu kwa siku tulivu mpaka hewa ya ndani yake itulie. Kisha anaitia dhoruba karibu na ncha za dunia, ambako mikondo ya umeme huichemsha hewa, na kuiacha programu ihesabu hatua kwa hatua kila mraba unavyomsukuma jirani. Uwanja wa umeme hufika ikweta karibu papo hapo. Upepo wa moto huchukua saa kadhaa, na ukifika huzaa umeme wake, ambao mara nyingi huvuta kinyume cha ule wa kwanza. Kuzipata nguvu hizo mbili kwa zamu yake, bila kulazimisha jibu, ndiko ninakowavulia kofia.

Kwetu ni kazi ngumu zaidi. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia. Elektroni zinazoinuliwa huko mchana huteleza kusini na kaskazini na kurundikana matuta mawili, na tuta la kusini huangukia karibu na pwani yetu. Uwanja wa umeme ukikosewa kidogo tu, tuta linahama.

Kwa hiyo fundi makini huendesha programu mara mbili, na dhoruba na bila dhoruba, akatoa moja katika nyingine. Matokeo huyalinganisha na kipokezi cha GPS cha Malindi, ambako, baharini mbele ya pwani, mhandisi Mwitaliano Luigi Broglio alirusha satelaiti ya San Marco 2 mwaka 1967 kupima wembamba wa hewa ya juu. Magharibi ikishapita, hata hesabu nzuri huweza kupotoka: viputo vya ionosfea, yaani anga hiyo yenye elektroni, vinavyoyumbisha GPS ya mpima viwanja huwa vyembamba kuliko mraba. Toleo jipya limeshuka hadi nyuzi 0.625, kama kilomita 70.