Kobe wa Papert na vifuniko vya Panda

Ujumbe wa walimu ukirudi kutoka ng'ambo, picha huwa ni zilezile: watoto mbele ya skrini, roboti mezani, ukuta wa rangi nzuri. Mwalimu wa Panda, hapa Likasi, Katanga, hana la kufanya na picha hizo. Anataka kujua hatua: mwenzake wa kule alianzia wapi, mtoto alishika nini mkononi, na alipokosea alijuaje kuwa amekosea. Safari nyingi za mafunzo huharibikia hapo. Kifaa huonekana kwa macho. Hatua lazima uzitafute.

Tuchukue safari moja iliyozaa matunda. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928. Kuanzia 1958 alifanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, aliyechunguza jinsi mtoto anavyojijengea maarifa, kisha akahamia MIT, Marekani. Alichotoka nacho Geneva kilikuwa swali tu: mtoto hujifunzaje jambo ambalo hakuna aliyemfundisha? Mwaka 1967 yeye, Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na wenzao wakatoa Logo, lugha ya kompyuta kwa watoto. Baadaye akaongezwa kobe anayetii amri na kuacha mstari nyuma yake. Mbele 50, kulia 90, rudia mara nne: mraba umekamilika. Mtoto akiandika kulia 80, mraba haufungi, naye ameliona kosa kabla mwalimu hajafungua mdomo. Siri yote ya mbinu ile imo humo.

Kobe akarudi Afrika. Mwaka 1982 Papert na mwenzake Nicholas Negroponte, wakiwa na kituo kilichoungwa mkono na serikali ya Ufaransa, walifikisha kompyuta za Apple II kwa watoto wa Dakar. Papert hakudumu katika kituo hicho. Halafu mwaka 2008 Rwanda ikaingia kwenye mpango wa Negroponte wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na baada ya miaka michache shule zake zilikuwa zimepokea mashine zaidi ya 200,000, zile za kijani na nyeupe zinazoitwa XO. Ndani yake kulikuwa na kobe yuleyule, safari hii akiongozwa kwa vipande vya amri vinavyopangwa kwenye skrini.

Kwa hiyo mwalimu wa Katanga akitaka kumwona kobe haimlazimu kufika MIT. Kigali ni jirani. Ila akifika huko aangalie na nyaya. XO ilibuniwa ili itumie umeme kidogo, kama wati 15 inapochajiwa. Mashine 40 kwa pamoja ni wati 600, chini ya pasi moja ya umeme. Hesabu tamu! Shida haimo kwenye wati. Kunatakiwa soketi 40, umeme wenyewe uwepo siku ya somo, kabati lenye kufuli, na mtu wa kubadilisha chaja iliyokufa. Rwanda ilibidi ihangaike na kuzifikishia shule umeme huku ikigawa mashine.

Sisi tuna kichekesho chetu. Mabwawa ya Mwadingusha na Koni, kwenye mto Lufira, yalijengwa kwa ajili ya viwanda vya shaba, na hayako mbali na Likasi. Hata hivyo delestaji, yaani ukataji umeme wa zamu, ya SNEL, shirika la umeme la taifa, inaijua kila nyumba ya hapa. Wakati huohuo programu ya darasa la 7 na la 8 nchini ina somo la fizikia, teknolojia na teknolojia ya habari na mawasiliano (TIC), lile wanaloliita SPTTIC. Mwalimu anatakiwa afundishe kompyuta, iwepo isiwepo.

Ndiyo maana ningemwelekeza msafiri wetu Christchurch, New Zealand, walau kwa kusoma. Huko Tim Bell, pamoja na Ian Witten na Mike Fellows, walianza katika miaka ya 1990 kukusanya mazoezi ya kufundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta yenyewe. Moja, ambalo kwao hufanywa kwa kadi, nitalieleza kwa vifuniko vya chupa za bia ya Simba, maana hivyo havikosekani Panda.

Mtoto apange vifuniko 25 chini, mistari mitano ya vitano, vingine chali, vingine kifudifudi, apendavyo. Mwalimu aseme anaongeza vichache ili zoezi liwe gumu zaidi, na aweke safu moja pembeni na moja chini, vyote viwe 36. Kumbe anahesabu: kila mstari, wa kulala na wa kusimama, uwe na idadi shufwa ya vifuniko vilivyo chali. Mwalimu ageuke, mtoto apindue kimoja. Akitazama tena, mwalimu ataona mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama yenye idadi witiri. Inapokutana ndipo kilipo kifuniko kilichopinduliwa.

Ni kwa njia ya namna hii kompyuta inavyogundua kwamba data imeharibika njiani. Somo lenyewe linaanza mtoto mjanja anapopindua viwili kwenye mstari mmoja. Mstari ule unabaki shufwa, mistari miwili ya kusimama inavurugika; mwalimu anajua kuna kosa lakini hawezi kuonyesha lilipo. Mwache mtoto aeleze kwa nini.

Karakana kuu za kampuni ya madini ya Gécamines za hapa Panda zimezoea kazi ya aina hii: kipuri cha kigeni kinapimwa, kinatengenezewa kalibu, kinamiminwa upya kwa chuma kilichopo. Zoezi la Christchurch linakubali kutendewa hivyo. Kadi zinakuwa vifuniko, maelezo yanakuwa Kiswahili. XO haikubali; skrini ikivunjika, skrini nyingine lazima iagizwe.

Tiketi apewe nani? Kwa desturi huenda inspekta au direkta. Mimi ningempa mwalimu wa darasa la 2, anayefundisha kwa Kiswahili kabla Kifaransa hakijashika usukani, na ambaye darasa lake limefurika tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019. Sharti liwe moja: zoezi alilolileta alifundishe kwanza darasani kwake, wenzake wakiwa wameketi nyuma, ndipo aandike ripoti na kudai posho iliyobaki.