Mzee Ojwang' na Lafudhi Yake

Mchezo wa "Vitimbi", ulioonyeshwa miaka mingi katika televisheni ya KBC, haukuwa na visa vya ajabu. Aghalabu ni ugomvi wa nyumbani tu, au hila ndogo iliyomrudia mwenyewe. Mpenda visa vilivyosukwa vyema angeuona mwepesi, wala hangekosea. Hata hivyo watu waliungoja, kwa ajili ya Mzee Ojwang' Hatari.

Aliyemwigiza ni Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015. Yeye alikuwa Mkikuyu. Ojwang' ni Mjaluo, na Kiswahili chake kina lafudhi ya Kijaluo. Hapa yafaa tuulize, katika nchi yenye makabila mengi kama yetu: je, kuigiza usemi wa kabila jingine si dharau?

Mara nyingi ni dharau hasa. Wako waigizaji waliookota lafudhi tu, wakadhani wamepata mtu. Lakini mtazame Ojwang' akibishana na mkewe, Mama Kayai. Kinachotuchekesha zaidi si matamshi yake, bali majivuno yake: ataka kuogopwa kama mwenye nyumba, hali hana wa kumwogopa. Mzee wa namna hiyo yuko katika kila kabila, na pengine katika ukoo wako, msomaji. Mwondolee lafudhi, bado utamtambua.

Nusu ya sifa hiyo ni haki ya Mary Khavere, aliyekuwa Mama Kayai. Pasipo mwanamke asiyetishika, majivuno ya mzee yangepita bure.